Mkono, plastigeji au maikromita: upime vipi nafasi ya beringi za konrodi?

Injini imefunguliwa, krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imeoshwa, beringi mpya ziko mezani. Hapo ndipo mafundi huachana njia. Mmoja hukata uzi wa plastigeji, akaubana, akasoma. Mwingine hutoa maikromita na boa geji, kimoja cha kupimia unene wa nje, kingine cha kupimia ndani ya tundu. Wa tatu hufunga konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, akaitikisa juu chini kwa mkono, akasema iko sawa, tuendelee.

Njia zote tatu nimezitumia, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mkono si kipimo. Plastigeji inatosha kwa kazi nyingi ambazo krenki haijapelekwa kusagwa na injini haijawahi kugonga. Krenki ikishasagwa, au beringi ikishazunguka ndani ya konrodi, maikromita haina mbadala. Sababu zake ndizo ninazotaka kuzieleza, maana ukizijua utaweza kuamua mwenyewe hata kwa injini ambayo sijawahi kuigusa.

Kinachopimwa

Beringi ya konrodi, ambayo wengi tunaiita bigendi, ni nusu mbili: moja inakaa kwenye konrodi, nyingine kwenye kepu yake, yaani kifuniko kinachofungwa kwa bolti. Ndani yake inazunguka jonali, yaani ile sehemu ya duara ya krenki inayoshikwa na konrodi. Kati ya beringi na jonali huachwa nafasi ndogo ya oili. Injini inapofanya kazi, jonali haitakiwi kugusa beringi hata kidogo. Inaelea juu ya utando wa oili.

Nafasi yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kwenye injini nyingi za magari madogo huwa kati ya 0.02 mm na 0.06 mm. Wajenzi wa injini wana kanuni ya zamani: chukua kipenyo cha jonali, kila milimita moja uipe elfu moja ya milimita. Jonali ya 48 mm inapata nafasi ya karibu 0.048 mm. Kanuni hiyo ni ya kukupa picha tu. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, na mara nyingi injini za kisasa zinazotumia oili nyepesi hutaka nafasi ndogo zaidi ya hiyo.

Nafasi ikiwa ndogo mno, oili haipiti ya kutosha, joto linapanda, beringi inang'ang'ania krenki na kuzunguka ndani ya konrodi. Hilo kila fundi analijua. Lisilojulikana sana ni jinsi nafasi kubwa inavyoiba presha ya oili. Kiasi cha oili kinachovuja pembeni mwa beringi hakiongezeki sambamba na nafasi; kinaongezeka kwa nafasi kuzidishwa mara tatu kwa yenyewe. Nafasi ikiwa mara mbili, oili inayovuja ni mara nane. Ndiyo maana injini yenye konrodi moja tu iliyolegea inaweza kuwasha taa ya oili ikiwa imepata moto na iko sailensi, huku pampu ikiwa nzima kabisa. Na ndiyo maana tofauti ya 0.03 mm, ambayo jicho haliwezi kuiona, inastahili kutafutwa kwa subira.

Kabla sijaendelea, kuna nafasi nyingine inayochanganywa na hii: ule mwanya wa pembeni, konrodi inapoteleza kushoto na kulia kwenye krenki. Huo unapimwa kwa fila geji, zile bamba nyembamba za kupimia mwanya, na huwa mkubwa zaidi, mara nyingi kati ya 0.15 mm na 0.35 mm. Ukisikia mtu anasema amepima bigendi kwa fila geji, amepima huo. Nafasi ya oili bado haijapimwa.

Mkono

Siudharau mkono wa fundi mzoefu. Wakati wa kufungua injini, mkono unakuambia haraka konrodi ipi imekufa. Lakini kwa kufunga hauna uwezo wa kutofautisha 0.04 na 0.08, na hapo katikati ndipo mpaka ulipo. Ukipaka oili kabla ya kutikisa, utando wa oili unaficha mchezo wote na konrodi iliyolegea inahisi kama mpya. Ukiacha pakavu, hata konrodi yenye nafasi sahihi inaweza kutoa mlio mdogo ukadhani imezidi.

Kuna waliorithi pia desturi ya kupiga tupa kepu ili kupunguza nafasi, au kukwangua beringi iliyobana. Desturi hiyo ilitoka enzi za beringi za kumiminwa, ambapo fundi alikuwa akimimina madini laini ndani ya konrodi na kuyakwangua mpaka yakae. Beringi za leo ni bamba la chuma lenye tabaka jembamba juu yake, na tabaka hilo ndilo kazi yote. Ukilikwangua umelimaliza. Ukipiga tupa kepu, tundu la konrodi haliwi duara tena, na konrodi hiyo sasa inahitaji mashine.

Plastigeji

Plastigeji ni uzi laini unaofanana na nta, unaouzwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye vipimo pembeni. Unakata kipande chenye urefu sawa na upana wa beringi, unakilaza juu ya jonali kufuata urefu wa krenki, unafunga kepu kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukaza iliyotajwa kitabuni, kisha unafungua. Uzi umebanwa ukawa utepe. Utepe mpana maana yake nafasi ni ndogo. Utepe mwembamba, nafasi ni kubwa. Unaulinganisha na michoro iliyo kwenye bahasha, unasoma namba.

Rangi ina maana. Ya kijani hupima takriban 0.025 hadi 0.076 mm, nyekundu 0.051 hadi 0.152, bluu 0.102 hadi 0.229. Kwa konrodi za gari dogo unataka ya kijani. Nimeona mtu akitumia nyekundu kwenye injini iliyotakiwa kuwa na 0.03 mm, uzi ulitoka mpana kupita mchoro wa mwisho, naye akaamini nafasi ni 0.05. Halafu angalia upande unaosoma, kwa sababu bahasha huwa na milimita upande mmoja na inchi upande wa pili.

Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba inapima kitu chenyewe, mahali pake, kikiwa kimefungwa. Hakuna hesabu ya kutoa namba moja kutoka nyingine, kwa hiyo hakuna makosa mawili yanayojumlishana. Mtu asiyewahi kushika maikromita anaweza kupata jibu la kuaminika siku yake ya kwanza, mradi awe msafi na asiwe na haraka. Na krenki inaweza kubaki ndani ya bloku, jambo ambalo ni faida kubwa unapobadilisha beringi za konrodi peke yake kwa kushusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini.

Makosa yake karibu yote ni ya utayarishaji. Jonali na beringi ziwe kavu kabisa, kwa sababu oili huyeyusha uzi na kuufanya usambae. Uzi usikae juu ya tundu la oili, wala karibu na mahali kepu inapokutana na konrodi. Ukae katikati ya kepu. Konrodi isizunguke hata kidogo mpaka kepu itoke. Ukiizungusha, uzi umepakazwa na namba utakayosoma ni ya uongo. Tumia spana ya toki, na kama kitabu kinataka uongeze nyuzi za pembe baada ya toki, ziongeze pia, maana beringi hupata umbo lake la mwisho pale tu bolti zinapokuwa zimevuta kikamilifu. Kama injini imesimama wima na unafanyia kazi chini yake, hakikisha uzito wa konrodi na pistoni hauangukii upande wa uzi. Mwisho, uzi wa zamani uliokauka huvunjika badala ya kulainika; huo utupe.

Soma utepe kwa urefu wake wote, usiridhike na sehemu moja. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, jonali ina tepa, yaani imeliwa zaidi upande mmoja. Hapo plastigeji imekupa taarifa ambayo wengi huipita bila kuitazama.

Udhaifu wake wa kweli ni huu: inapima mstari mmoja tu wa duara zima. Jonali iliyotumika haichakai sawasawa. Upande unaopokea kishindo cha mwako huliwa kuliko upande mwingine, jonali ikawa ovali. Ukilaza uzi upande mnene utapata namba nzuri, huku ukiigeuza krenki robo mzunguko nafasi imezidi. Dawa yake ipo: pima mara mbili, jonali ikiwa mahali pawili tofauti, kwa uzi mpya kila mara. Inachukua muda, lakini ni muda uliotumika vizuri.

Maikromita na boa geji

Hii ni njia ya karakana inayosaga krenki, na ndiyo njia inayokuambia kwa nini, wakati plastigeji inakuambia ngapi tu. Unahitaji maikromita ya nje ya 25 hadi 50 mm, na kwa injini kubwa ya 50 hadi 75, inayosoma hadi elfu moja ya milimita (0.001 mm). Ile inayosoma mia moja ya milimita (0.01 mm) tu haitoshi. Nafasi unayoitafuta ni mia nne hivi, yaani 0.04 mm, na ukikosea mia moja umekosea robo ya jibu. Unahitaji pia boa geji, kifaa chenye saa juu na miguu miwili chini, cha kupimia ndani ya tundu.

Anza na jonali. Pima sehemu mbili kwenye urefu wake, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Hizo ni namba nne. Tofauti ya sehemu na sehemu ni tepa. Tofauti ya upande na upande ni ovali. Kitabu hutoa kikomo, na kwa kawaida ni mia mbili za milimita au chini yake.

Kisha weka beringi ndani ya konrodi, funga kepu kwa toki kamili, konrodi ikiwa imeshikwa kwenye jiliwa yenye midomo laini. Kufunga kwa toki hakukwepeki hapa pia. Kingo za beringi huchomoza kidogo kuliko ukingo wa konrodi, na kepu inapobanwa zinasukumana mpaka beringi inashika ukuta wa tundu. Tundu lililopimwa bila mkandamizo huo si tundu ambalo krenki italiona.

Sasa kuna siri moja ambayo naithamini kuliko vifaa vyenyewe. Usipime jonali ukaandika, ukapima tundu ukaandika, kisha ukatoa. Funga maikromita kwenye kipimo cha jonali, iache imekazwa, ingiza boa geji kati ya midomo yake na uweke saa kwenye sifuri. Halafu ingiza boa geji kwenye beringi. Saa itakachosoma ndicho nafasi, moja kwa moja. Hata kama maikromita yako ina kosa la mia moja, kosa hilo limejifuta, kwa sababu ile ile iliyopima jonali ndiyo iliyoipangia boa geji. Kwa fundi ambaye maikromita yake haijawahi kupelekwa kukaguliwa, mbinu hii ndiyo inayotenganisha kipimo na makisio.

Ndani ya beringi, pima kwa kufuata urefu wa konrodi, kutoka juu kwenda kwenye kepu. Usipime kwenye mstari wa maungio. Beringi hutengenezwa nene katikati na nyembamba kidogo kwenye ncha zake, ili oili iingie na ili kepu ikisogea nywele moja isikwangue jonali. Asiyelijua hilo hupima maungioni, akapata namba kubwa, akadhani beringi ni mbovu na kuirudisha dukani.

Joto nalo lihesabu. Chuma chenye kipenyo cha 48 mm hutanuka karibu 0.006 mm kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Krenki iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto na konrodi iliyolala usiku kucha kwenye sakafu ya saruji hazisemi lugha moja. Ziache pamoja saa kadhaa, na usishike fremu ya maikromita kwenye kiganja kwa muda mrefu.

Faida yake kuu inaonekana jibu likiwa baya. Plastigeji ikisoma 0.09, hujui kama jonali imeliwa, tundu la konrodi limetanuka, au umepewa beringi isiyo yake. Kwa maikromita unavipima kimoja kimoja. Tuseme tundu la konrodi bila beringi ni 51.010 mm, kila nusu ya beringi ina unene wa 1.492 mm, na jonali ni 47.990 mm. Toa: 51.010, ondoa 2.984, ondoa 47.990, inabaki 0.036. Namba hizo ni mfano tu, lakini zinaonyesha kwamba kila kosa lina mwenyewe, na ukimjua mwenyewe unajua cha kupeleka kwenye mashine.

Ubaya wake ni mkono unaohitaji. Boa geji lazima itikiswe taratibu mpaka saa ifike chini kabisa na kuanza kurudi. Pale inaporudi ndipo pa kusoma. Maikromita lazima ikazwe kwa nguvu ile ile kila mara. Siku ya kwanza utapima jonali moja mara tano na kupata namba tano. Fanya mazoezi kwenye krenki iliyotupwa mpaka namba zikubaliane ndipo uiguse injini ya mtu.

Zinapopingana

Niliwahi kupokea krenki iliyosagwa andasaizi ya 0.25, yaani jonali zimepunguzwa kipenyo kwa 0.25 mm, na beringi zake za 0.25. Plastigeji ilisoma takriban 0.045 kwenye konrodi zote nne. Nilifurahi. Kabla ya kufunga nikaona nipime jonali kwa maikromita, na ya tatu ikawa na tofauti ya 0.02 kati ya upande na upande. Uzi ulikuwa umelala upande mnene. Upande wa pili nafasi ilikuwa 0.065, wakati kitabu kilinipa mwisho 0.055. Krenki ilirudi kwenye mashine. Tangu siku hiyo, jonali iliyosagwa siipokei kwa neno la mdomo wala kwa uzi peke yake.

Imenitokea kinyume chake pia: boa geji ikanipa nafasi ndogo, plastigeji ikasema sawa. Kisa kilikuwa chembe ya uchafu nyuma ya beringi, iliyokaa pale nilipoifunga mezani na kuondoka nilipoifunga kwenye injini. Vipimo viwili vikipingana, usichague unachokipenda. Fungua, futa nyuma ya beringi na ndani ya tundu, hakikisha kepu ni ya konrodi hiyo na imeelekea upande wake, kisha rudia vyote viwili.

Uchague ipi

Kama unabadilisha beringi tu, krenki ni standadi (haijawahi kusagwa), jonali zinang'aa bila mikwaruzo na injini haikugonga, nunua plastigeji ya kijani na upime kila konrodi mara mbili. Hiyo inatosha, na atakayekuambia huwezi kufunga injini hiyo bila boa geji anakutwisha gharama usiyoihitaji. Kama konrodi na krenki zina namba au herufi za kuchagulia beringi, kama ilivyo kwenye injini nyingi za Toyota na Honda, soma alama hizo kwanza na uagize beringi kwa mujibu wake, halafu plastigeji ithibitishe.

Kama krenki imesagwa, pima jonali zote kwa maikromita kabla hujalipia kazi. Beringi usizinunue kabla ya kusaga kwa kubahatisha kwamba itakuwa 0.25, mara nyingine jonali moja hulazimisha zote kwenda 0.50.

Kama beringi ilizunguka au konrodi ilibadilika rangi kwa joto, tundu la konrodi lenyewe ndilo mshukiwa, na plastigeji haitalisema vizuri. Lipime bila beringi, kwa toki kamili, kwa pande tatu. Kama huna vifaa, mpelekee mwenye navyo na umwombe akuandikie namba. Neno "sawa" peke yake usilikubali.

Kwa injini ya kazi nzito, au ile utakayoizungusha kwa kasi kubwa, tumia zote mbili. Maikromita ipange, plastigeji iwe shahidi wa mwisho.

Kuhusu bolti: zile zinazokazwa kwa nyuzi za pembe huvutika kila zinapofungwa. Pimia kwa za zamani, ukihakikisha urefu wake bado uko ndani ya kikomo, na uzihifadhi mpya kwa kufunga mara moja tu. Ukimaliza kupima, ondoa mabaki ya uzi kwa kitambaa chenye oili au kwa ukucha, kamwe si kwa bisibisi. Paka oili, funga konrodi ya kwanza, zungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima. Ikizunguka laini, funga ya pili na uzungushe tena. Ikikaza ghafla baada ya ya tatu, unajua ni ipi ya kufungua.